Kipa wa Futisali na Sekunde Zake Nne

"Wewe nenda golini!" Ni nani miongoni mwetu ambaye hajawahi kuisikia amri hiyo? Jioni baada ya masomo tunapogawana timu, wale manahodha wawili huanza kuchagua mafundi wa chenga, wakafuata wenye mbio, kisha wenye vifua vipana. Anayebaki mwisho, yule ambaye mpira humkimbia kama kuku amwonaye mpishi, huyo hupewa lango. Mimi mwenyewe lango nililipata kwa njia hiyo hiyo nilipokuwa Kidato cha Kwanza, na siwezi kusema niliona fahari.

Sasa ndugu msomaji, nia yangu katika makala haya ni kukusomesha juu ya mchezo mmoja ambao umeipindua desturi hiyo juu chini. Katika mchezo huo, timu ikimweka golini mtu asiyejua mpira, imekwisha. Kuna kipa ambaye alitoka kwao akaenda kuishi nchi ya mbali yenye baridi kali, akapata mkate wake na sifa za dunia nzima, si kwa mikono yake tu bali kwa miguu. Nitafika kwake. Kwanza tuujue mchezo wenyewe, maana bila sheria zake huwezi kumwelewa.

Mchezo wenyewe unaitwa futisali. Wengine hupenda kuuita kandanda ya ukumbini. Jina hilo si baya, ila linachanganya michezo miwili, kama nitakavyoonyesha baadaye. Futisali huchezwa na watu watano kwa watano, kipa akiwa mmoja wao, juu ya sakafu ngumu. Ilianzia mjini Montevideo, Uruguay, mwaka wa 1930. Mwaka uo huo Uruguay ilikuwa imelitwaa Kombe la Dunia la kwanza kabisa na watoto wote walitaka mpira, hata pale ambapo hapakuwa na uwanja. Basi mwalimu mmoja, Juan Carlos Ceriani, aliyekuwa akifundisha michezo katika jumba la YMCA, akafanya kazi ya mpishi. Akachota wachezaji watano na dakika 40 kutoka mpira wa vikapu. Akachota ukubwa wa kiwanja na wa lango kutoka mpira wa mikono. Na sheria za kipa, amini usiamini, akaziazima kutoka polo ya majini!

Tutazame vipimo. Kiwanja cha mashindano ya kimataifa kina urefu wa mita 38 hadi 42, na upana wa mita 20 hadi 25. Lango lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Wale wapenda hesabu watatoa kalamu: mita 3 mara mita 2 ni mita 6 za mraba. Lango la kandanda ya kawaida ni mita 7.32 kwa 2.44, yaani karibu mita 18 za mraba. Kwa hivyo kipa wa futisali analinda theluthi moja tu ya eneo analolilinda mwenzake wa nje.

Usije ukadhani basi kazi yake imepunguzwa kwa kiasi hicho. Hebu piga hesabu ya pili. Mpira uliopigwa kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa husafiri mita 25 kila sekunde. Mpigaji akiwa mita 10 kutoka langoni, mpira utafika baada ya nukta nne za sekunde, yaani 0.4. Katika hizo, karibu nusu huishia katika jicho kuona na ubongo kuamua, kabla hata mkono haujaanza kusogea. Na mpigaji wa futisali hapigi kutoka mita 10 kila mara. Mara nyingi amekwisha kukufikia mita 5 au 6, anakutazama machoni. Penalti yenyewe hupigwa kutoka mita 6. Timu ikifikisha kosa lake la sita katika kipindi kimoja, wapinzani hupewa mkwaju wa mita 10 bila ukuta wa walinzi mbele yako. Kila kosa baada ya hapo nalo ni vivyo hivyo.

Ndiyo sababu kipa wa futisali haruki sana kama tunavyowaona wale wa televisheni wakielea hewani. Hana wakati wa kuelea. Silaha yake ni kusimama mahali panapofaa kabla mkwaju haujapigwa, kisha kujifanya mpana. Hutoka mstarini hatua mbili tatu kumsogelea mpigaji, goti moja likashuka karibu na sakafu, mguu wa pili ukanyooka kando, mikono ikatanda, kifua kikabaki wima. Ukimtazama kutoka mbele utadhani ni msalaba uliokaa. Mpira unaweza kumgonga kwenye nyonga, bega, unyayo, hata kidevu. Yeye hajali umegonga wapi, mradi umegonga. Kwa ajili hiyo huvaa suruali ndefu yenye sponji magotini. Glavu kubwa wengi wao hawazitaki. Hufunga vidole kwa utepe au huvaa glavu zilizokatwa vidole. Kisa na maana? Kipa huyu lazima aurushe mpira upesi na kwa shabaha, na kwa glavu nene mpira ni kama sabuni.

Mpira wenyewe pia una tabia yake. Ni mdogo kuliko ule wetu, ni wa saizi ya 4, na umetengenezwa ili usidunde ovyo. Uangushe kutoka kimo cha mita 2 nao utarudi juu sentimita 50 hadi 65 tu. Basi hukaa chini miguuni mwa watu, na hatari nyingi huja chini. Kipa anayetegemea kudaka mipira ya juu peke yake atafungwa hadi asahau jina lake.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo letu, yaani zile sekunde nne. Sheria ya futisali inasema hivi: kipa akiwa katika nusu yake ya kiwanja, hana ruhusa ya kukaa na mpira zaidi ya sekunde nne, awe ameushika kwa mkono au ameukanyaga kwa mguu. Refa huinua mkono na kuhesabu kwa vidole, ukumbi mzima ukiona. Akipitisha, wapinzani hupewa mkwaju usio wa moja kwa moja. Haijaisha. Kipa akishautoa mpira, mwenzake haruhusiwi kumrudishia makusudi katika nusu ile ile mpaka kwanza mpinzani auguse. Hakuna ile raha tuliyoizoea ya kumrudishia golikipa mpira tukavuta pumzi, naye akaupapasa papasa huku akiwapungia wenzake mikono waende mbele.

Lakini kila sheria ina mlango wake wa nyuma. Ukiisoma vizuri utaona imesema "katika nusu yake." Je, kipa akivuka mstari wa katikati? Huko hakuna sekunde nne. Huko anaweza kupokea mpira mara kumi, akapiga pasi mara kumi, akapiga na shuti langoni. Na akiwa huko timu yake inashambulia watu watano dhidi ya wanne, kwa sababu kipa wa upande wa pili amebaki langoni kwake. Ubora wa mtu mmoja katika kiwanja kidogo vile ni jambo kubwa mno. Lazima kuna mtu ataachwa peke yake. Hatari yake nayo inaonekana wazi hata kwa mtoto: lango lako li tupu. Mpinzani akinyang'anya mpira, anaweza kuupiga kutoka kwake hadi nyavuni mwako bila kusogea.

Kwa miaka mingi makocha waliifanya kamari hiyo dakika za mwisho tu, timu ikiwa nyuma kwa mabao. Tena hawakumtuma kipa wao. Walimtoa nje, wakamvika mchezaji wa ndani jezi ya rangi ya kipa, huyo ndiye akaenda kuwa mtu wa tano. Yaani kocha mwenyewe alikiri kwamba kipa wake hajui mpira! Ni lile lile la "wewe nenda golini," ila kwa lugha ya wataalamu.

Hapo ndipo anapoingia yule niliyekuahidi. Alizaliwa Rio de Janeiro, Brazili, mwaka wa 1986, na ulimwengu wa futisali unamjua kwa jina la Higuita. Si jina lake la kuzaliwa. Ni jina la René Higuita, yule kipa wa Kolombia mwenye nywele za mawimbi ambaye hakupenda kukaa golini. Waulize wazazi wako kuhusu Kombe la Dunia la 1990 kule Italia. Bara zima la Afrika lilikuwa likiishangilia Kameruni. René Higuita akatoka golini hadi karibu katikati ya uwanja, akajaribu kumpiga chenga mzee Roger Milla. Milla akampokonya, akakimbia nao hadi wavuni, Kameruni ikashinda 2–1 na kuingia robo fainali. Siku ile jina la Higuita likawa mfano wa kipa mpumbavu. Kwa hivyo fikiria ujasiri wa kijana anayekubali kuitwa hivyo, halafu akaenda kufanya kazi ile ile iliyomwaibisha mwenye jina!

Brazili ina makipa wa futisali kama Mombasa ilivyo na minazi. Kupata nafasi huko ni shida. Higuita akafunga virago, mwanzoni mwa miaka ya 2010 akawa katika timu ya Kairat mjini Almaty, Kazakistani, nchi ambayo sidhani wengi wetu tungeionyesha kwenye ramani bila kubabaika. Kocha wake huko alikuwa Mbrazili mwenzake aitwaye Cacau, na ndiye aliyeiona hazina iliyofichika katika ule mlango wa nyuma wa sheria. Kwa nini umtoe kipa ili umvike mwingine jezi yake, ilhali kipa uliye naye anaweza kupiga pasi na shuti kuliko nusu ya wachezaji wako? Na kwa nini ungoje dakika za mwisho? Kairat ikaanza kumpandisha Higuita mbele wakati wowote, hata ikiwa inaongoza. Hapakuwa na haja ya kubadilisha mtu, basi wapinzani hawakupata ishara yoyote. Sekunde hii kipa yuko golini amedaka, sekunde ya pili ameshavuka mstari akiwa na mpira mguuni.

Matokeo? Mwaka wa 2013, jijini Tbilisi, Jojia, Kairat ilitwaa Kombe la Ulaya la vilabu kwa kuilaza Dinamo ya Moscow 4–3 katika fainali. Mwaka wa 2015, jijini Lisbon, ikalitwaa tena, safari hii ikiifunga Barcelona 3–2. Naam, Barcelona ile ile yenye jina, kwa kuwa ina timu ya futisali pia. Higuita akapata uraia wa Kazakistani na kuidakia timu ya taifa. Katika mashindano ya mataifa ya Ulaya ya 2016 mjini Belgrade, wageni hao wa Kazakistani waliwang'oa Italia, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa mabao 5–2 katika robo fainali. Uhispania ikawazuia kwenye nusu fainali, 5–3, nao wakajifariji kwa kuwafunga wenyeji Serbia na kuondoka na nafasi ya tatu. Mwaka wa 2021 katika Kombe la Dunia kule Lithuania waliitoa Iran 3–2 na kufika nusu fainali. Huko walitoka sare ya 2–2 na Ureno, wakashindwa kwa penalti, na Ureno ndiyo iliyonyakua kombe. Yeye mwenyewe amechaguliwa zaidi ya mara moja kuwa kipa bora wa futisali duniani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sitaki kubishana na wahenga katika gazeti la Chama cha Kiswahili, lakini huyu alitunzwa ugenini.

Wako watakaoniambia kwamba nimemsifu mtu wa sarakasi. Wana haki. Kabla ya Higuita alikuwako Luis Amado, Mhispania aliyezaliwa Madrid mwaka wa 1976. Huyu hakuwa wa kuzurura. Kazi yake ilikuwa kusimama panapofaa, kutoka kwa wakati wake na kulifanya lango lionekane dogo kama dirisha la jikoni. Alikuwa katika kikosi cha Uhispania kilichotwaa Kombe la Dunia mara mbili: mwaka wa 2000 kule Guatemala waliifunga Brazili 4–3 katika fainali, na mwaka wa 2004 kule Taiwan waliifunga Italia 2–1. Ukiniuliza nani angenifaa zaidi kama mwalimu wa mwanzo, nitasema Amado. Miguu ya Higuita bila misingi ya Amado ni kujitafutia yaliyompata yule Mkolombia mbele ya Milla.

Nilisema jina la kandanda ya ukumbini linachanganya michezo miwili. Huo wa pili ni wa Marekani. Walichukua uwanja wa magongo ya barafu, wakatandika zulia la nyasi bandia juu yake, wakaziacha zile kuta za pembeni. Mpira ukigonga ukuta hautoki nje, unarudi mchezoni! Huko kipa hulinda lango pamoja na pembe za ukuta, kwa kuwa shuti lililokosa linaweza kudunda nyuma yake na kumrudia mshambuliaji miguuni. Ligi yao kubwa ilianza mwaka wa 1978. Katika ligi hiyo aliwahi kung'ara Mwafrika, Victor Nogueira, mzaliwa wa mji uliokuwa ukiitwa Lourenço Marques nchini Msumbiji, yaani Maputo ya leo. Alikuwa mlinda lango wa San Diego Sockers, timu iliyozoea kuchukua ubingwa mpaka wenzake wakachoka kuuona. Basi mwaka wa 1992 ligi yenyewe ikavunjika. Hebu fikiri, wewe ni kipa hodari, hujaumia, hujazeeka, hujafungwa hovyo, na asubuhi moja huna mahali pa kwenda kazini. Nogueira alipata timu nyingine, Milwaukee Wave, katika ligi tofauti, akaendelea kudaka kwa miaka mingi. Si wote waliobahatika hivyo.

Nayaeleza haya kwa sababu tunapozungumza juu ya "kazi ya mpira" huwa tunaona magari na majumba. Michezo hii ya ukumbini ina mashabiki wake, lakini haina pesa za kandanda kubwa. Kipa huishi kwa mkataba, timu kwa timu. Vidole vinateguka, magoti yanavimba kwa kupigizwa sakafuni, nyonga zinavutika kwa kule kujitanua. Lugha ya chumba cha kubadilishia nguo si ya mama yake. Faida moja aliyo nayo ni umri. Kwa kuwa kazi yake inategemea zaidi kuona mapema kuliko kukimbia, kipa aliyejitunza hudumu hata baada ya miaka 35, wakati mawinga wa rika lake wamekwisha kustaafu.

Na wasichana wasidhani somo hili haliwahusu. Mwezi wa Aprili 2025, mjini Rabat, palichezwa fainali ya kwanza ya Kombe la Afrika la futisali kwa wanawake. Moroko iliibuka na ushindi wa 3–2 tu, tena ikiwa kwao. Na walioshindwa kwa bao hilo moja walikuwa nani? Jirani zetu Tanzania! Kwa kufika fainali walipata tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lililofanyika Ufilipino mwishoni mwa mwaka huo. Mimi nilipoisikia habari hiyo nilitazama ule uwanja wetu wa vikapu wa saruji, ambao majirani zetu wangeutumia vizuri kuliko tunavyoutumia sisi kuanikia nguo, nikanyamaza.

Sasa tutoke tujaribu. Kwa wanaotaka kufanya mazoezi nami siku za Jumamosi, vifaa ni chaki, mpira na mtu wa kuhesabu. Chora lango la mita 3 ukutani, na kutoka hapo pima mita 6 sakafuni, uweke alama. Mwenzako apige shuti hafifu, wewe udake. Pale unapoushika tu, mwenye kuhesabu apaze sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kabla ya "nne" uwe umekwisha kuurusha kwa mtu aliyesimama kando, naye awe anahamahama ili usimzoee. Ukifaulu mara kumi mfululizo, weka mikono nyuma, fanya tena kwa miguu peke yake, huku mtu wa tatu akikujia mbio kukunyang'anya. Utagundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba sekunde ya kwanza hupotea bure kwa kutafuta wa kumpa. Anayejua mchezo huwa ameshamwona kabla hajaudaka. Na "nne" ikikukuta ungali na mpira, hakuna kubishana: uweke kwenye alama ya mita 6, mwenzako apige, nawe urudi langoni.